Je, wajua kwa nini mechi za mtoano za futiboli ya Kimarekani za shule za sekondari huishia kwenye tope?

Tarehe 26 Novemba 2007, mjini Pittsburgh, timu mbili za kulipwa za mchezo huo wa kubeba na kurusha mpira wenye ncha mbili, Steelers na Dolphins, zilihangaika karibu saa nzima ya mchezo bila kupata pointi hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha kiasi kwamba mpira mmoja uliopigwa juu ulishuka na kuchomeka ardhini, ukabaki umesimama wima bila kudunda. Steelers walishinda 3–0 kwa mkwaju uliopigwa zikiwa zimebaki sekunde 17.

Lawama zote zilibebwa na mvua. Lakini siku tatu kabla, Ijumaa, uwanja huohuo ulikuwa umechezewa fainali nne za shule za sekondari kwa siku moja, na kesho yake ukapokea mechi ya chuo kikuu. Nyasi zilichakaa hivi kwamba mafundi walitandika nyasi mpya juu ya zile za zamani. Hazikupata muda wa kushika mizizi, mvua ikaja.

Kisa hicho kina karibu kila kitu kinachozaa tope la mtoano, na mvua ndiyo ya mwisho kwenye orodha.

Msimu wa futiboli ya shule huanza mwishoni mwa Agosti, na mtoano huchukua Novemba, majimbo mengine hadi Desemba. Ndio wakati nyasi zimechoka na hazina tena uwezo wa kujiponya. Kusini, aina za nyasi zinazopenda joto husinzia udongo unapopoa. Nyasi za kaskazini zinaendelea kuishi, ila kwa kujikongoja. Jua liko chini, mchana ni mfupi, na maji ambayo mwezi Septemba yangekauka kwa siku moja sasa yanakaa siku kadhaa.

Halafu kuna mahali penyewe panapokanyagwa. Kwenye futiboli ya shule, safu mbili za mistari mifupifupi hugawa upana wa uwanja katika sehemu tatu sawa, na kila jaribio la kusogeza mpira mbele lazima lianzie kwenye sehemu ya kati au juu ya mistari hiyo. Kwa hiyo wachezaji wa mstari wa mbele wa timu zote mbili, wenye miili mikubwa, ambao kazi yao ni kusukumana wakiwa wamechimbia meno ya njumu ardhini, hurudi pale pale mechi baada ya mechi. Ongeza timu za vijana wadogo na mazoezi ya bendi ya shule. Kufika Novemba, katikati pana udongo mtupu.

Udongo uliokanyagwa sana hushindiliwa. Vile vitundu vidogo vya kupitishia hewa na maji huzibwa, na mvua inaponyesha haizami. Kama ni mfinyanzi, mambo huwa mabaya zaidi: maji hujipenyeza kati ya chembe nyembamba, chembe zinaanza kuteleza moja juu ya nyingine, na mguu unapokanyaga uzito wake unabebwa na maji badala ya udongo. Nyanja nyingi huinuliwa kidogo katikati ili maji yatiririkie pembeni, na mbinu hiyo husaidia mpaka pale katikati panapochimbika. Hapo unapata vyote viwili, tope katikati na madimbwi kandokando.

Kwa nini basi wasiahirishe? Mvua peke yake haisimamishi mechi. Radi ndiyo husimamisha, na mchezo haurudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Zaidi ya hapo kalenda imebana. Timu hucheza mara moja kwa wiki, kwa kawaida Ijumaa usiku, siku ambayo hata sheria ya shirikisho ya mwaka 1961 huilinda kwa kuizuia ligi ya kulipwa isionyeshe mechi zake kwenye televisheni jirani na mechi za shule msimu unapokuwa umeshika kasi. Ukisogeza mechi hadi Jumatatu, mshindi ataingia raundi inayofuata akiwa na siku nne tu za kupumzisha miili.

Sasa weka safari. Texas, ambako bingwa wa daraja la juu hupita raundi sita, makocha wawili hukubaliana wenyewe wapi wachezee, na wasipoelewana sarafu inaweza kurushwa. El Paso iko karibu kilomita 1,000 kutoka Dallas, hivyo mara nyingi huchaguliwa uwanja usio wa timu yoyote, katikati ya njia. Juneau, Alaska, haina barabara inayoiunganisha na sehemu nyingine za jimbo. Timu yake hupanda ndege au feri. Uwanja huchaguliwa siku kadhaa kabla, mawingu huja baadaye. Anayesafiri akiwa na njumu za meno mafupi tu atajua hali ya uwanja akiwa ameshashuka kwenye basi.

Watu husema tope humsaidia mnyonge. Ninaliamini nusu. Ni kweli kwamba hupunguza kasi, pointi zinakuwa chache, na mpira mmoja ulioponyoka mikononi unaweza kuamua kila kitu. Lakini timu yenye miili mizito na mbio za moja kwa moja haipotezi kitu. Anayeumia ni mpigaji wa mikwaju, ambaye mguu wake wa kusimamia unateleza, ndiyo maana kocha huweza kuiacha ile pointi moja ya mkwaju unaopigwa baada ya timu kufikisha mpira mwisho wa uwanja, na kujaribu mbili kwa kukimbia. Mpokeaji wa pasi naye ana nafuu isiyotarajiwa: yeye anajua atakata kona wapi, mlinzi wake hajui, na kwenye tope atakayechelewa kugeuka ndiye atakayeanguka.

Siku hizi makocha wengi hutafuta nyasi bandia mapema, na fainali za Texas na Minnesota huchezwa kwenye nyanja zenye paa. Tope hapo limeondoka kabisa. Raundi za kabla ya hapo, kwenye shule zisizo na fedha za kubadilisha uwanja, bado zinachezwa juu ya udongo uleule uliokanyagwa tangu Agosti.