Je, wajua Yeremia 29:11 waliandikiwa watu walioambiwa wasubiri miaka 70?

Ukipanda bajaji Mwanjelwa kwenda Uyole, pale Mbeya, ni rahisi kukuta stika ya Yer 29:11 kwenye kioo, msibani utausikia tena, na ndugu akilazwa hospitali basi grupu la ukoo WhatsApp litautuma kabla hata majibu ya vipimo hayajatoka. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Wengi tunausoma kama vile mambo yananyooka karibuni, kama sio wiki hii basi mwaka huu hauishi. Sasa rudi mstari mmoja tu nyuma, wa 10: ahadi yenyewe inatimia Babeli ikishatimiza miaka 70!

Hiyo sura ni barua. Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alibeba mateka kutoka Yerusalemu, mfalme Yekonia na mama yake, mafundi, wahunzi, na Yeremia aliyebaki nyumbani ndiye akawaandikia. Na yule wa kusema "mambo yananyooka karibuni" alikuwepo kweli, anaitwa Hanania, yuko sura ya 28, alisimama hekaluni mbele ya watu akatangaza miaka miwili tu wote wanarudi, akachukua na nira aliyovaa Yeremia shingoni, ishara ya kutawaliwa na Babeli, akaivunja. Biblia inamhesabu kuwa nabii wa uongo. Kwa hiyo ukimwambia mgonjwa "mwezi huu unatoka, Yer 29:11", kusema ukweli unahubiri ya Hanania kwa kutumia andiko la Yeremia.

Haya, mtu mzima akiambiwa miaka 70 si ndo kaambiwa atafia huko? Karibu wote, ndiyo. Tumaini linatoka wapi hapo? Cheki mstari wa 5 mpaka 7: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, muuombee amani mji uleule uliowateka. Ni kama mtu wa Mufindi anayepanda paini, anajua kuvuna mbao ni miaka kumi na kitu na ikifika anaweza asiwepo, ila miche ikiwa bado midogo anapanda mahindi na maharage katikati, familia inakula mwaka huuhuu, na mche wa paini bado haujafika popote. Na mstari wa 12 na 13 Mungu anasema mtaniita, mtanitafuta, mtaniona, yaani hukohuko Babeli, mbali na hekalu, bila kungoja safari ya kurudi.

Na kumbe walijenga kweli. Vipo vibao vya udongo vya Babeli vinavyotaja mgao wa mafuta wa mfalme Yekonia, na vingine, vya kuanzia 572 KK, vya kijiji cha Al-Yahudu, vina mikataba ya Wayahudi ya mashamba, shayiri na tende. Tumaini lenye risiti!

Hesabu ya 70 yenyewe ina utata, maana kutoka 597 mpaka Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipoitwaa Babeli mwaka 539 ni 58 tu. Wengine wanahesabu tangu hekalu kuvunjwa 586 mpaka jipya kukamilika karibu 516, wengine wanasema ni umri wa mtu tu, kama Zaburi 90:10.

Ila waliopokea barua hawakuibandika popote. Mmoja wao, Shemaya, aliandika kutoka Babeli kumlalamikia kuhani Sefania, kwa nini huyu Yeremia hajafungwa, anatuambia uhamisho ni mrefu, tujenge nyumba.