Soko la samaki na nyama ugenini: anza na barafu, maji na taa

Kwa kuwa kazi yangu ni ukaguzi wa nyama hapa Mbeya, watu wanaojiandaa kusafiri, hasa wafanyabiashara waendao Guangzhou na vijana waendao masomoni, huniuliza kama ni salama kuingia katika masoko ya vyakula vibichi ya huko waendako. Huwaambia waende, tena waende alfajiri, saa ambayo wenye mahoteli na mama wa nyumbani wananunua. Ila wasianze kwa kuitazama bidhaa. Bidhaa imepangwa ipendeze machoni. Anza na vile vinavyoizunguka: barafu, maji ya sakafuni na taa.

Katika masoko ya Hong Kong, kwa mfano, taa nyekundu huning'inizwa juu ya nyama na samaki, na chini ya mwanga huo hata nyama iliyopauka huonekana nyekundu. Wenyeji wameizoea desturi hiyo. Mgeni aombe kipande kisogezwe pembeni, kwenye mwanga wa mchana, ndipo aamue.

Samaki ndiye anayetaka uangalifu zaidi. Mtu aliyezoea mbasa na usipa, samaki wa Ziwa Nyasa kule Kyela, tayari anazijua dalili za msingi, nazo hazibadiliki kwa kuvuka mpaka: jicho lililotuna na kung'aa, mashavu mekundu, nyama inayorudi mahali pake ukiibonyeza kwa kidole. Lakini samaki wa bahari kama jodari na vibua wana hatari ambayo sisi wa ziwani hatukuizoea. Wakiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha, na samaki huyo anaweza asitoe harufu yoyote mbaya. Aliyemla huanza kuwashwa, uso humwiva kwa wekundu, kichwa humuuma na moyo humwenda mbio. Kinga ni baridi ya karibu nyuzi 0 za Selsiasi tangu samaki anapovuliwa, na ndiyo maana ninasisitiza barafu: iwe imemzunguka samaki pande zote, wala si kutandikwa chini yake tu huku mgongo ukipigwa na jua.

Anayebahatika kufika Tokyo aamke mapema aone mnada wa jodari katika soko la Toyosu, lililofunguliwa Oktoba 2018 kuchukua nafasi ya soko la jumla la Tsukiji. Jodari hulazwa sakafuni kwa safu, kila mmoja amekatwa mkia, na wanunuzi huinama na tochi kuchungulia nyama pale mkia ulipokatwa, kisha humega kidogo na kuisugua kati ya vidole ili wapime mafuta yake. Mgeni hutazama kutoka sehemu iliyotengwa kwa watazamaji. Kwangu mimi, mikono ile inafundisha kuliko bei zinazotajwa.

Chaza na kome wanunuliwe wakiwa hai. Aliye hai hufunga gamba ukimgusa. Aliyeachama asifunge, mwache. Viumbe hawa huchuja maji ili wapate chakula, kwa hiyo uchafu wa maji walimokulia huingia mwilini mwao.

Kwa upande wa nyama, tafuta muhuri. Hapa kwetu mzoga uliokaguliwa hugongwa muhuri kabla ya kwenda buchani, na katika nchi za Umoja wa Ulaya muhuri huo una umbo la duaradufu, ndani yake zikiwa herufi za nchi na namba ya machinjio. Kwa nguruwe, ambaye Nyanda za Juu Kusini tunamla kwa wingi, ninaomba msomaji asilegeze masharti popote alipo: mabuu ya tegu hukaa ndani ya misuli, moyo na ulimi kama punje za mchele, na nyama yenye punje hizo isiliwe.

Matunda na mboga ni rahisi zaidi. Yaoshe kwa maji salama, menya mwenyewe, na upite mbali na yaliyokwisha kukatwa yakakaa wazi.

Linaloniumiza ni mizigo ya kurudi nayo. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na leo wakulima wa maembe katika nchi nyingi za Afrika wanahesabu hasara kwa sababu yake. Homa ya nguruwe ya Afrika, isiyo na tiba, ilitoka barani kwetu ikafika Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, na virusi vyake hudumu ndani ya nyama iliyogandishwa na hata katika baadhi ya soseji zilizokaushwa bila kupikwa. Wafugaji wa Mbeya wanaijua homa hiyo kwa kufukia mazizi mazima. Kwa hiyo kula huko huko ulichokinunua, na kama umebeba mbegu, tunda au nyama yoyote, itaje kwa wakaguzi wa mpakani kabla hawajafungua begi, uwe unashukia uwanja wa ndege wa Songwe au unavuka Tunduma au Kasumulu.