Mahali Pamoja, Mababu Tofauti

Anayetafuta ndugu kwa DNA hupewa orodha ya watu waliolingana naye, na pengine vipande vyenyewe vya DNA mnavyofanana: namba ya kromosomu (uzi unaobeba DNA), mwanzo, mwisho, na urefu kwa sentimogani, kipimo cha vipande hivyo. Kuvipanga vipande hivyo kwa makundi ni kazi tamu, na ndipo wengi wanapopotea.

Dhana: "Wawili wakilingana nami mahali palepale, sote tuna babu mmoja."

Ukweli: Kila kromosomu unayo jozi, moja ya kuumeni na moja ya kukeni, na orodha haikuambii kipande kimekaa kwenye ipi. Tuseme Asha na Juma wote wanalingana nawe kwenye kromosomu ya 9, kuanzia herufi ya DNA ya milioni 20 hadi ya milioni 45. Ukivichora, vipande vyao vimelaliana kabisa. Hata hivyo Asha anaweza kuwa wa kwa baba yako na Juma wa kwa mama yako, wasiohusiana hata kidogo. Kinachoamua ni kama Asha na Juma wanalingana wao kwa wao, hapohapo. Kulingana mahali pengine hakuhesabiki, maana wawili hao wanaweza kuwa na babu wao ambaye wewe humjui.

Kama mama yako yu hai na ameridhia, mpime yeye kwanza. Nalisisitiza hili kuliko yote: kipande chako kirefu ambacho naye analingana nacho na mtu yuleyule ni cha kukeni, na nusu ya kazi imekwisha.

Dhana: "Kipande ni kipande, hata kikiwa kidogo."

Ukweli: Chini ya sentimogani 7, vingi ni vya bahati tu. Programu inayolinganisha huokota herufi moja ya DNA kwa baba, nyingine kwa mama, ikaunga kipande ambacho hakuna aliyekirithi.

Dhana: "Asiyelingana nami si ndugu."

Ukweli: Kati ya vilembwe (wajukuu wa wajukuu) wa babu mmoja, ukiwalinganisha wawiliwawili, takriban jozi 1 ya watu kwa kila 10 haina kipande cha pamoja kinachoonekana. Kwa vining'ina, watoto wa vilembwe, ni karibu nusu.

Dhana: "Kundi likikamilika, babu amepatikana."

Ukweli: Kundi linaonyesha kipande kimetoka kwa mmoja, jina lake halimo. Katika koo ambamo binamu wameoana vizazi kwa vizazi, kama nyingi za pwani yetu na Oman, kipande kimoja kinaweza kuwa kimekufikia kwa njia mbili au tatu. Kabla ya kuandika jina juu ya kundi, kaa na shangazi akutajie nani alimwoa nani.