Ushindi mwingi si kipimo tosha cha kocha

Wengi huamini kwamba kocha mkuu wa kikapu cha wanawake katika chuo cha Marekani hupimwa kwa hesabu moja tu: ameshinda mechi ngapi, amepoteza ngapi. Ni imani inayoeleweka, maana namba hiyo ndiyo hutajwa kwanza.

Tuchukue mfano wa msimu wa ushindi 20 na vipigo 11, yaani asilimia 64.5. Ukiugawa, unakuta mechi za Novemba na Desemba ni 10–2, za ligi 8–8, za mtoano 2–1. Hizo za mwanzo chuo hujipangia chenyewe. Vyuo vikubwa huwalipa vidogo waje kucheza kwao, na mara nyingi vidogo hufungwa. Kwa hiyo kocha wa chuo kidogo huanza Januari akiwa na vipigo ambavyo bajeti ya chuo ilivihitaji. Hilo si haki kumhesabia peke yake.

Kuna pia suala la urithi: msimu wa kwanza kocha hutumia zaidi wachezaji walioletwa na mtangulizi wake, ingawa tangu 2021, wachezaji waliporuhusiwa kuhama chuo na kucheza papo hapo, kikosi hubadilika haraka.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua ratiba ya msimu kwenye tovuti ya chuo, tenga mechi za ligi, kisha za ugenini. Linganisha msimu wa nne wa kocha, ambapo wachezaji wengi ni aliowaleta mwenyewe, na wa mwisho wa mtangulizi.