Dhammathat si Amri za Buddha

Kila muhula wanafunzi wa sheria linganishi hunijia na imani ileile, kwamba dhammathat, yaani vitabu vya kale vya sheria vya Burma (leo Myanmar), ni amri za Buddha mwenyewe, hivyo kuvigusa ni kufuru. Sivyo, na kosa hili huwapotosha katika kila wanachosoma baadaye. Sheria inayonasibishwa na Buddha ni Vinaya, nayo inawafunga watawa, ilhali dhammathat hushughulikia mambo ya walei: madeni, talaka, watumwa, mirathi. Hata masimulizi ya asili yake hayadai hivyo. Katika Manugye, mojawapo ya dhammathat, iliyotungwa katikati ya karne ya 18 enzi ya mfalme Alaungpaya, Manu ni mtoto mchunga ng'ombe anayesifika kwa kusuluhisha magomvi hadi akafanywa hakimu. Kunatokea mzozo wa tango kati ya majirani wawili wenye bustani; Manu anahukumu, anagundua amekosea, anabadili hukumu, kisha anaacha kazi na kujitenga kwa ibada, na ndipo anapoikuta sheria imeandikwa kwenye ukuta unaouzunguka ulimwengu. Aliyeisoma na kuileta ni binadamu, tena aliyewahi kuteleza katika kuhukumu, na ndiyo maana wanazuoni wa Burma waliendelea kutunga dhammathat nyingi zilizotofautiana bila kuonekana wamekufuru.

Wengine husema ni sheria ya Kihindu iliyobadilishwa jina. Jina la Manu na mgawanyo wa mashauri katika mafungu 18 vilitoka India, lakini mke anayemiliki mali pamoja na mumewe, na wanandoa wanaoachana kwa kuridhiana wakagawana mali yao, hawakutoka huko.

Wapo pia wanaodhani Waingereza waliikuta sheria hii wakaitumia ilivyo. Sheria yao ya mwaka 1898 iliibakiza katika ndoa, urithi na mambo ya dini tu, na mwaka 1914 Baraza la Mfalme huko London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, likaiweka Manugye juu ya dhammathat nyingine, kitabu ambacho majaji wengi walikijua kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Richardson ya mwaka 1847.

Wala sheria hii haijafa. Mahakama za Myanmar bado huitumia kama sheria ya kimila: Mbuddha wa Kiburma hawezi kurithisha mali kwa wosia, na ndoa yake huweza kuthibitishwa kwa wawili kuishi na kutambulika kama mume na mke. Ruhusa ya kuoa wake wengi ndiyo iliyoondolewa, mwaka 2015. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi waanze na hukumu za mahakama, kisha ndipo wafungue Manugye, tena wakiwa na dhammathat nyingine pembeni.