Kupanga tena kazi ya keneli si kuisogeza mbele

Draiva (programu ya kuendesha kifaa ndani ya keneli, kiini cha Linux) inasoma kitufe kimoja kama kimebonyezwa mara mbili, na mwenye draiva anajitetea: "Mbona nimeiahirisha kazi? Kila interapti ikija, inaahirishwa upya." Haiahirishwi upya, na utetezi huu umeshakuwa wimbo.

Maana yenyewe ni fupi. Katika Linux, hendla ya interapti, yaani fankisheni inayoitika kifaa kikikatiza kichakata, hairuhusiwi kulala: haichukui mutex (kufuli la kungojea zamu), haiiti msleep (ya kulala kwa muda), haiombi kumbukumbu kwa GFP_KERNEL (ombi linaloweza kusubiri). Yenye kulazimu kusubiri huwekwa ndani ya delayed_work, kazi iliyoahirishwa. Taima huhesabu muda, kisha kazi huingia kwenye foleni na kufanywa na kworker, uzi wa keneli ambao kulala kwake ni ruksa. Muda uliotaja ndio wa chini, si miadi. Ukishatimia, kazi bado itasubiri zamu yake. Tena huhesabiwa kwa jifi, mapigo ya saa ya keneli. HZ (idadi ya mapigo hayo kwa sekunde) ikiwa 100, jifi moja ni milisekunde 10, kwa hiyo anayeandika 5 akidhani ni milisekunde ameomba 50. Tumia msecs_to_jiffies, inayogeuza milisekunde kuwa jifi.

Sasa tuje kwenye schedule_delayed_work, fankisheni ya kuipanga kazi hiyo ingoje muda wake. Kuiita ndani ya hendla ni salama, kwa sababu hailali. Watu huishia hapo kwenye neno "salama". Kazi ikiwa tayari inasubiri, wito wa pili haubadilishi kitu: unarudisha false, na taima inaendelea na hesabu ileile iliyoanza na wito wa kwanza. Ukimwambia konda "shusha" mara tatu, kituo hakisogei.

Kitufe ndicho kinachoumbua kosa hili. Chuma kikigusana na chuma hurukaruka kwa milisekunde kadhaa, na kila mruko ni interapti. Tuseme umetaja milisekunde 5 na mruko wa mwisho umekuja kwenye ya 4. Ulitaka kusoma milisekunde 5 baada ya kitufe kutulia, lakini unasoma moja tu baada ya mruko huo, pengine kitufe kikiwa bado kinatetema.

Fankisheni inayosogeza muda ni mod_delayed_work, iliyoingia toleo la 3.7 mwaka 2012. Nayo inaitika ndani ya hendla bila shida. Kabla yake watu walifuta kazi kisha wakaipanga upya, hatua mbili zenye mwanya katikati, au wakachokonoa taima ya ndani kwa mikono yao. (Majibu yake, kwa bahati mbaya, yamegeuzwa: true ni "ilikuwa inasubiri, nimebadilisha muda", false ni "haikuwa inasubiri, nimeipanga". Kwa mwenzake schedule_delayed_work, true ndiyo "nimeipanga". Anayenakili if bila kusoma ataumia.) Fungua gpio_keys, draiva ya vitufe iliyo ndani ya keneli yenyewe, uone hendla yake inaita ipi inapochuja mitetemo ya kitufe.

Kwa hiyo ndugu zangu wa schedule_delayed_work, hamkukosea kuiita ndani ya hendla. Mliitarajia ifanye kazi ya mod_delayed_work. Badilisheni jina la fankisheni, kisha mkague sehemu ya kuondoa draiva: interapti izimwe kwanza, ndipo cancel_delayed_work_sync (inayofuta kazi na kusubiri iliyokwisha kuanza imalizike) ifuate, la sivyo interapti ya mwisho itaipanga kazi mliyokwisha kuifuta. Hiyo ya _sync inaweza kulala, msiipeleke kwenye hendla.