Uchaguzi mdogo Kanada ya kikoloni haukuwa lazima msiba

Kuna ujumbe usioisha kusambazwa kwenye magrupu: ati chaguzi ndogo nyingi za Bunge la Jimbo la Kanada (koloni la Uingereza, 1841–1867) zinaonyesha kuwa wabunge wake walikufa ovyo au walifukuzwa kwa wizi.

Sivyo. Vifo vilikuwapo, kujiuzulu pia. Lakini kulikuwa na kanuni iliyotoka Uingereza: mbunge akiteuliwa kuwa waziri, kiti chake kinakuwa wazi, naye anarudi kwa wapiga kura kuomba ridhaa upya. Hofu ilikuwa kwamba cheo chenye mshahara wa serikali kingemfunga mdomo. Wengine walipita bila kupingwa, wengine walibwagwa. Mwaka 1858 mawaziri kadhaa walikwepa kwa ujanja: sheria ya 1857 ilimsamehe uchaguzi huo waziri aliyejiuzulu na kupewa wizara nyingine ndani ya mwezi mmoja, basi wakabadilishana vyeo, kisha wakavirudia vya zamani!

Kosa linaeleweka, kwani siku hizi huko Kanada mbunge akiteuliwa kuwa waziri hubaki na kiti chake. Fungua orodha ya wabunge: jina lilelile likirudi katika jimbo lilelile la uchaguzi baada ya wiki chache, huyo hakufa. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Kanada yenyewe iliifuta kanuni hiyo katika bunge la shirikisho mwaka 1931.